Njia Anayotaka Mteja

Siakago, 9 Februari 2025

Muga na salamu nyingi, shangazi Ruguru,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na nguvu za kutosha kunigombeza. Goti la mume wako, Mzee Kiunga, linaendeleaje? Na kuku wako? Mimi ni mzima, ila mgongo. Mawe ya huku ni yale yale kila siku, lakini mgongo wangu si ule ule. Nyamu, ninayekaa naye chumba kimoja, anakoroma kwa Kimbeere. Tumezoeana.

Ndani ya mzigo huu kuna ndengu kilo tano na chupa ya asali. Barua nimeilaza juu ya ndengu kwa sababu inasafiri bure, na hapa machimboni tuko shimoni, simu haishiki mtandao mpaka upande juu ya lori la mawe.

Sasa sikia jambo. Siakago pamefunguliwa ofisi ya kusafirisha vifurushi, inaitwa Tufike. Nilienda Jumamosi na vumbi langu. Msichana wa kaunta, Angeline, akanipa fomu. Jina la mtumaji, jina la mpokeaji, uzito, vyote nikajaza. Halafu chini kuna kisanduku kimeandikwa NJIA ANAYOTAKA MTEJA. Nikamuuliza, "Hapa naandika nini?"

"Njia unayotaka gari lipite."

"Mimi?"

"Si wewe ndiye mteja? Ama kuna mwingine nyuma yako?"

Nikageuka nikaangalia. Hakukuwa na mtu.

Shangazi, nina miaka thelathini na nne. Tangu nilipoachia shule darasa la sita nimekuwa nikiambiwa beba hapa, weka pale, si pale, wewe kichwa ngumu, rudisha hapa. Leo gari zima lenye dereva wa sare linaniuliza mimi lipite wapi! Nilipangusa mkono kwenye suruali, nikashika kalamu. Nikaandika: Siakago, Embu, Runyenjes, Chuka, Nkubu, Meru, Kiirua, lirudi Meru, ndipo Kianjai.

Angeline akasoma, akanitazama. "Kiirua iko upande wa Nanyuki na Kianjai iko upande wa Maua. Huku ni kujikuna sikio la kulia kwa mkono wa kushoto."

Nikamwambia, "Piga muhuri." Akapiga! Nilitoka pale nikitembea kama mtu aliyenunua shamba. Kesho naupeleka mzigo wenyewe.

Usiniulize kwa nini Kiirua. Barabara ya huko ni nzuri.

Mwana wa ndugu yako, bosi wa njia,
Mutugi


Kianjai, 3 Machi 2025

Mutugi, mwana wa ndugu yangu,

Sisi ni wazima. Goti la Kiunga linatabiri mvua kuliko redio, kwa hivyo tumeamua tusilitibu. Mbuzi amezaa mapacha, mmoja anafanana na mwalimu mkuu. Kuku hawajambo.

Ndengu zilifika siku ya nne zikiwa baridi kama zimelala mtoni. Dereva anaitwa Njiru, mwanaume mnene mwenye adabu. Kikombe cha kwanza cha chai hakusema kitu, cha pili akasifu maziwa, cha tatu kikamfungua mdomo. Kumbe nyuma ya fomu uliandika kwamba akifika Kiirua, akipita kinu cha kusaga unga, kuna geti la kijani. Apige honi mara tatu, asisimame, aendelee na safari.

"Mama," akaniambia, "nimeendesha gari miaka kumi na mitano. Nimepeleka magodoro, nimepeleka nyuki, nimepeleka jeneza. Sijawahi kupeleka honi."

Barabara ya huko ni nzuri! Geti la kijani ni la Mbaabu, na ndani ya geti kuna bintiye Cicily, na Cicily ana mashine yake ya kufuma sweta za shule, na wewe una moyo kama wa ndama. Unafikiri nimesahau? Krismasi ya mwaka juzi uliniachia barua nimpelekee, ya kumwomba akubali umwoe, ukakimbilia gari la Embu kabla sijakuuliza hata umeandika nini. Kama mtu hajajibu barua miezi kumi na minne, atajibu honi?

Barua yenyewe niliifikisha, nilishakuambia. Tuache hapo. Yule kuku mwekundu ameanza kutaga tena.

Punguza chumvi, kunywa maji.
Shangazi yako Ruguru


Siakago, 30 Machi 2025

Muga, shangazi,

Mpe mbuzi pole, na Kiunga pia. Mvua imefika, shimo limejaa maji, tunapasua mawe tukiwa bata. Ndwiga, nyapara wetu, anasimama juu kwenye ukavu na kutuambia maji ni baraka.

Haya, umenishika. Ni Cicily. Umefurahi?

Utaniuliza kwa nini nisimpigie simu. Simu inampa mwanamke nafasi ya kusema hapana kabla hujameza mate. Barua inakupa angalau mwezi mmoja wa kutumaini. Yangu imenipa miezi kumi na mitano, siwezi kulalamika. Na kwa nini nisiende mwenyewe? Ukiacha sehemu yako ya mwamba siku mbili, unarudi unakuta mtaimbo wa mtu mwingine umesimama pale. Hiyo ndiyo sababu ninayowaambia watu. Nyingine ni kwamba naogopa.

Lakini njia, shangazi! Habari ya kisanduku imeenea machimboni kama upele. Nyamu alituma katoni tupu kwa dada yake Runyenjes, ili tu gari lipite polepole, mchana, mbele ya duka la mtu aliyemfukuza kazi. Anasema amelala vizuri tangu siku hiyo, na mimi ni shahidi, anakoroma kwa furaha. Ndwiga naye, mtu mzima, nyapara, alituma mihogo kwa mama yake, mwendo wa dakika kumi kwa miguu, akaandika ipitie Embu mjini kwanza ikaone taa za barabarani. Mama yake alimpigia simu kuuliza kama mihogo ilikamatwa. Angeline anasema wateja wa mjini huacha kisanduku wazi. Sisi ametuongezea karatasi.

Mzigo huu una maembe ya mwisho. Nimeandika: Kiirua, honi tatu, dereva apunguze mwendo na ahesabu sweta zilizoanikwa.

Sasa niambie tena, ulipompa ile barua aliipokeaje? Kwa mkono mmoja ama miwili? Nimekuuliza mara mbili kwa simu, na mara zote mbili mtandao ulipotea upande wako.

Bado bosi wa njia,
Mutugi


Kianjai, 4 Mei 2025

Mutugi,

Tumepalilia mahindi. Kanisani wameniweka kwenye kamati ya chai, sasa nina maadui. Mapacha wa mbuzi wamekula kitambaa cha madhabahu, na maadui wangu wanasema niliwatuma.

Maembe yako yametembea kuliko mhubiri. Mawili yalioza njiani, moja nadhani liliokoka. Sweta ni kumi na saba, za rangi ya maruni. Njiru alizihesabu mara mbili kwa sababu anasema kazi ni kazi.

Na safari hii mtu alitoka getini. Alisimama na utepe wa kupimia shingoni, mkono kiunoni, akamsimamisha Njiru katikati ya honi ya pili.

"Ni nani huyu ananiletea kelele bila mzigo?"

"Siri ya mteja, madam."

"Mteja wako ni mgonjwa?"

"Fomu haina mahali pa kujaza hilo, madam."

Akacheka, Njiru anasema. Alicheka mpaka utepe ukaanguka. Akasema na neno lingine pia, lakini hilo si la maana, gari lilikuwa linanguruma.

Ile barua aliipokea kwa mikono miwili. Alikuwa na gauni la bluu. Tulikaa nje kwenye benchi kwa sababu jua lilikuwa zuri. Ama ilikuwa inanyesha, tukakaa jikoni. Alishukuru. Usiniulize tena habari za mikono, mimi si mpiga picha.

Goti la Kiunga linasema mvua itaendelea.
Ruguru


Siakago, 1 Juni 2025

Muga, shangazi. Salimia Kiunga.

Hizi ni ndengu. Ukiangalia fomu utaona nimeandika: njia fupi kuliko zote. Angeline aliniuliza kama ninaumwa.

Nimesoma barua yako mara nne. Jua lilikuwa zuri ama ilinyesha. Mlikuwa nje ama jikoni. Najua unachofanya. Unanipambia jambo ili nisiumie, kama ulivyoniambia nikiwa mdogo kwamba mbwa wangu ameenda kusoma Isiolo.

Nikuambie kitu nilichokuficha. Mwisho wa ile barua niliandika: kama hutaki, usijibu, nami nitaelewa. Niliona huo ndio uungwana, nisimlazimishe mtu kutafuta maneno ya kunikataa. Basi mwanamke amenijibu vizuri kabisa, kwa kunyamaza kama nilivyomwomba, na mimi nimekuwa nikimpigia honi getini kwake kama mwendawazimu.

Nimeelewa.

Ndwiga anaandika majina ya watu wa kwenda machimbo mapya ng'ambo ya mto Tana. Ukiingia huko hutoki mwaka mzima. Nimempa jina langu. Lori linaondoka tarehe thelathini Agosti.

Asali ya safari hii ni nyeupe, mpe Kiunga.
Mutugi


Kianjai, 13 Julai 2025

Mutugi mwanangu,

Wiki sita nimekuwa nikianza barua hii na kuichana. Kiunga anadhani naandika wosia, amekuwa akinioshea vyombo. Ningeweza kupiga simu, lakini najijua, ningekata kabla ya kusema.

Kaa chini. Kama uko juu ya lori, shuka kwanza.

Cicily hakupata barua yako.

Ile Krismasi ulipoondoka niliificha barua ndani ya katoni juu ya ghala, chini ya karatasi ya chini kabisa, ili Kiunga asiisome, maana angeisoma, na angeisoma kwa sauti. Nilipanga kwenda Kiirua Jumatatu. Wewe ukapiga simu Jumapili, ukauliza kwa sauti ya mtoto, "Umefikisha?" Nikasema ndiyo, kwa sababu Jumatatu ilikuwa kesho tu. Jumatatu Kiunga akaanguka akaumia goti. Unakumbuka. Mambo yakawa mengi. Februari yule kuku mwekundu akatafuta pa kulalia mayai, nami nikatafuta katoni, nikaiona moja nzuri juu ya ghala, nikamwekea nyasi.

Alilalia barua yako siku ishirini na moja, Mutugi. Mayai kumi na mawili, wakatoka vifaranga kumi na mmoja. Sijawahi kupata vifaranga wengi hivyo tangu nizaliwe. Lazima ulikuwa umeandika maneno ya moto.

Niliiona siku ya kusafisha. Kurasa tatu zimeliwa na mavi ya kuku. Nikasema nitakuambia kesho, kesho ikawa mwaka. Kilichosomeka ni mstari wa juu, "Mpendwa Cicily, mimi si mtu wa maneno mengi," na hapo kwenye maneno mengi ndipo kuku alipokaa. Mwisho wa ukurasa wa tatu kulikuwa na neno moja tu, "usijibu." Sikulielewa mpaka uliponiandikia. Siku hiyo nilikaa na kuku mpaka chai ikapoa.

Na lile neno la Cicily getini, nililosema si la maana, ni hili: "Mtu akiwa na neno na mimi, si aandike? Mkono wa kujibu ninao."

Sasa nimefanya hivi. Jana nilimwita Njiru. Nimeweka ndani ya katoni ile ile barua yako ilivyo, na barua yangu ya kuungama, na yule kuku mwekundu akiwa hai, kama shahidi. Kwenye fomu ameandikwa "kuku mmoja, shahidi." Kwenye kisanduku nimeandika: Kianjai, Meru, Kiirua, bila kusimama popote, hata kwa chai. Njiru aliuliza kuhusu honi. Nikamwambia, "Safari hii piga hodi, kuna mzigo."

Nigombeze unavyotaka. Kuku alikuwa mzuri, nimemkosa.

Mimi shangazi yako, bado,
Ruguru


Siakago, 27 Julai 2025

Muga, shangazi. Salimu wote, mbuzi na maadui wa kamati ya chai.

Nilisoma barua yako nikiwa nimekaa juu ya jiwe nililolipasua mwenyewe. Nilipofika kwenye vifaranga kumi na mmoja nikaanza kucheka. Nyamu akanyakua karatasi akawasomea wengine. Shangazi, machimbo yote yalisimama. Ndwiga alishuka na hasira kuuliza kwa nini hasikii nyundo, akapewa karatasi, akasoma, akakaa chini, akafuta macho na kofia. Akasema, "Huyo kuku alipwe mshahara."

Mimi nilipaswa kukasirika. Nilijaribu asubuhi yote. Lakini hebu fikiria: miezi kumi na tisa nimekuwa nikijiona mtu aliyekataliwa, nikila kama mtu aliyekataliwa, nikipasua mawe kama mtu aliyekataliwa, na kumbe hata sijaulizwa! Sijakataliwa na mtu! Niko mpya kabisa, kama fomu isiyojazwa. Nilibeba mawe siku hiyo kama mikate.

Halafu Jumatatu hofu ikarudi, kubwa kuliko ya kwanza. Sasa anayo. Sasa akinyamaza, atakuwa amenyamaza yeye mwenyewe, si kuku.

Jina langu bado liko kwa Ndwiga. Anasema atalifuta nikimwomba, lakini siombi kabla sijajua. Alisema nini? Muulize Njiru. Mpe chai vikombe vinne.

Mutugi asiyelala, na safari hii si kwa sababu ya Nyamu


Kianjai, 12 Agosti 2025

Mutugi,

Kwetu kuzuri. Sasa Kiunga naye anajua, alisoma juu ya bega langu, na anaisimulia sokoni.

Njiru alikunywa vitano. Haya ndiyo aliyoniambia, siongezi kitu, nimekoma kuongeza. Cicily alifungua katoni, kuku akatoka, akatembea moja kwa moja ndani ya nyumba kama aliyealikwa. Cicily akasoma yangu amesimama. Akachukua yako, akaishika hivi, mbali na pua, akaielekeza juani akitafuta maneno. Akaingia ndani na kufunga mlango. Njiru akabaki getini maana hajawekewa sahihi. Mara akasikia mashine ya kufuma imeanza. Ikafuma. Njiru akalala ndani ya gari, akaamka, bado inafuma. Baadaye Cicily akatoka, akaweka sahihi, akauliza neno moja tu:

"Kifua chake ni inchi ngapi?"

Njiru akasema hiyo ni siri ya mteja, na pia hajui.

Mimi sisemi kitu. Niliharibu mara ya kwanza kwa kusema. Nanyamaza hapa hapa.

Ruguru (ninyamaze hivi mpaka lini?)


Siakago, 27 Agosti 2025

Muga, muga, muga, shangazi!

Nasalimu kila kitu kilicho Kianjai, hadi goti. Jana Angeline alimtuma mtu shimoni: mzigo umekuja. Nikapanda na vumbi langu, nikasukuma watu. Ni sweta ya maruni, shingo ina mistari ya manjano. Sweta ya shule, shangazi, ya mwanafunzi mwenye kifua cha mpasua mawe! Inanitosha kama ngozi. Jua la Siakago lilikuwa linachemsha mawe na mimi nimeivaa, jasho mpaka kwenye viatu, sivui. Ndwiga akaniuliza, "Sasa wewe mwanafunzi, uko darasa la ngapi?"

"La saba," nikamwambia. "Nimepanda."

Ndani ya mkono wa sweta kulikuwa na fomu ya Tufike, imejazwa kwa mwandiko uliosimama wima. Nakunakilia neno kwa neno:

MTUMAJI: Cicily wa Mbaabu, Kiirua.
MZIGO: Mwanaume mmoja. Ni mwoga, ashikwe polepole.
UZITO: Haujulikani. Sweta itasema.
NJIA ANAYOTAKA MTEJA: Siakago, Embu, Runyenjes, Chuka, Nkubu, Meru, Kiirua. Asipitie Kianjai kwanza, mizigo ya huko hulaliwa na kuku. Akifika geti la kijani asipige honi. Abishe, aingie, aniambie kwa mdomo zile kurasa tatu zote. Nimenyamaza miezi hii kwa sababu sikuulizwa. Aje aulize. Jibu liko tayari, na chai pia.

Nimeisoma mara nyingi mpaka Angeline akasema karatasi itaungua. Maisha yangu yote watu wameniambia pita hapa, pita pale, na nimewachukia. Leo nimeandikiwa njia mpaka na mlango wa kuingilia, na sijawahi kufurahi hivi. Ndwiga amefuta jina langu kwa kalamu mpaka daftari likatoboka. Nyamu atasimamisha mtaimbo wake kwenye sehemu yangu ya mwamba mpaka nirudi, na amesema nikirudi peke yangu hanipi.

Kurasa tatu zenyewe sizikumbuki. Nitasema nitakachosema.

Naondoka alfajiri. Barua hii, shangazi, nakutumia na ndengu kama kawaida, na kwenye kisanduku nimeandika: Siakago, Kiritiri, Embu, Kutus, Karatina, Nyeri, Nanyuki, Timau, Meru, Maua, ndipo irudi Kianjai. Angeline aliniongezea karatasi mbili. Ukiwa unasoma hapa, mimi nilishabisha hodi siku nyingi, na wewe ndiye wa mwisho kujua.

Kuku anakusalimu. Nitamsalimia mwenyewe kesho.

Mutugi, mzigo